Kona ya Ngumi: Begi linanikimbia, nifanyeje?

Toleo lililopita niligusia spidi begi kwa mistari michache tu, lile begi dogo lililojazwa upepo linaloning'inia chini ya ubao wa duara, na meseji zikamiminika. Nimefurahi mno, maana ndo chombo nachokipenda kuliko vyote kwenye jimu na naona kinaonewa, watu wanakipita wakienda kwenye begi zito, au wanakijaribu dakika mbili, wanakasirika, wanakiacha hapo mwaka mzima. Kwa hiyo leo kona nzima ni yake. Maswali mengine yalifanana nikayaunganisha.

Shikamoo kocha. Nina miezi miwili nafanya ngumi, kamba naruka, begi zito naenda nalo vizuri, ila hili dogo limenishinda kabisa. Napiga moja, mbili, ya tatu linaenda upande au ngumi inapita hewani na lenyewe linanigonga usoni. Wenzangu wanapiga haraka haraka, mi nikiongeza haraka ndo naharibu zaidi. Mikono yangu ni mizito au ni nini?

Marahaba mdogo wangu. Mikono yako haina shida yoyote. Siku moja kaa pembeni usipige, wala usiangalie mikono ya hao wenzako, sikiliza tu. Utasikia kwamba kati ya ngumi moja na inayofuata ubao unalia mara tatu. Sio mbili, sio nne. Mtu akipiga taratibu ni tatu, na akipiga kwa kasi mpaka jimu nzima inavuma bado ni tatu, zimesogeleana tu.

Kwa nini tatu? Umesimama mbele ya begi, unalipiga, linaondoka na kugonga ubao upande wa mbali, hiyo moja. Linarudi, linapita katikati, linagonga ubao upande wako, mbili. Linaondoka tena linagonga kule, tatu. Linarudi kwako, na hapo sasa, likiwa limeshapita katikati linakujia ila halijaufikia ubao, ndo ngumi yako inakutana nalo. Ukipiga baada ya milio miwili unakuta begi linaondoka, wewe unalifukuza kwa nyuma, ngumi inapita hewani au inaligusa ubavuni linaanza kuzunguka kama pia. Na ukichelewa ukaacha linagonga mara ya nne, nalo linakuwa limeshageuka linakwenda zake. Hayo mawili ndo yanayokupata, na mara nyingi ni lile la kwanza, kuwahi. Wanaoanza karibu wote wanawahi, sijawahi kumfundisha mtu ambaye tatizo lake la siku ya kwanza lilikuwa kuchelewa.

Sasa chukua neno hili: kusubiri. Lina silabi nne, na begi lina mambo manne, ngumi yako na milio mitatu. KU unapiga, su-bi-ri ubao unalia. KU-su-bi-ri, KU-su-bi-ri, KU-su-bi-ri. Usiweke mkazo pale tunapouweka tukiongea, uweke mwanzoni, kwenye ngumi. Sema kwa sauti, usione aibu ya watu, mi wanafunzi wangu wote nawasemesha na baada ya wiki mbili tatu mdomo unanyamaza wenyewe kwa sababu mwili umeshaichukua.

Anza bila hata kukunja ngumi. Lisukume begi kwa kiganja, sikiliza milio mitatu, kisha likamate kwa mkono. Simamisha kabisa. Tena. Ukifanya hivyo mara 20 au 30 sikio linaanza kujua ile tatu inaishia wapi. Halafu kunja ngumi, piga moja, sikiliza tatu, likamate. Halafu piga mbili kwa mkono huohuo, likamate. Ukifika mbili zikatoka safi mfululizo ndo uende nne. Najua inachosha na inaonekana ya kitoto, lakini mtu anayekamata begi kwa wiki moja anampita yule anayelipiga hovyo miezi mitatu, nimeliona hilo mara nyingi na halijawahi kunidanganya.

Kitu kingine, piga kwa upole. Begi linakwenda kwa nguvu ulizolipa, ukilipiga sana linarudi haraka kuliko unavyoweza kulipokea, alafu unalaumu mikono. Nguvu inayotosha ni ile ya kulifikisha begi kwenye ubao mara tatu basi, na mlio wa kwanza ndo mkubwa, wa pili na wa tatu inapungua. Ukiweza kuusikia ule wa tatu vizuri ulivyo mdogo, uko kwenye njia.

Mimi mwenyewe nilipoanza niliambiwa neno moja tu, ongeza spidi, kila siku ongeza spidi, nikapoteza miezi. Aliyenitoa alikuwa mzee mmoja aliyekuwa anashona glovu zilizochanika pale kona ya jimu, hakuwa hata kocha, aliniita akaniambia kijana wewe hulisikilizi hilo begi unaligombeza. Akanikalisha kwenye benchi nimgeuzie mgongo begi huku mtu mwingine anapiga, niwe natamka tatu zangu. Dakika kumi tu hivi. Siku ileile nikapiga nane mfululizo kwa mara ya kwanza, na mpaka leo nikimfundisha mtu mpya naanza na benchi.

Kocha, kulia naenda hata dakika nzima. Kushoto nikipokea tu, imeharibika. Nifanye mazoezi ya kushoto peke yake?

Ndio, fanya, ila kwanza angalia kama tatizo ni kushoto kweli. Mara nyingi tatizo liko kwenye makabidhiano. Mwendo wa msingi ni kulia-kulia, kushoto-kushoto. Kila ngumi ni kiduara kidogo, mkono unaenda mbele unapiga, unashuka kidogo, unarudi nyuma kwako, unapanda, kama unaendesha pedeli za baiskeli kwa mikono. Wakati kulia inapiga ya pili kushoto inatakiwa iwe tayari imeshapanda iko usawa wa mdomo inangoja. Wengi kushoto imelala kifuani, sasa begi linakuja na mkono ndo kwanza unapanda, lazima uchelewe, na ukiona umechelewa unaurusha kwa kupitia pembeni, begi linaenda ubavuni.

Na angalia kulia nayo ikimaliza inaenda wapi. Ikibaki mbele ya begi inaziba njia. Ipige, ishuke, irudi.

Sasa ukitengeneza hayo na kushoto bado ni nzito, anza kila raundi na kushoto. Usiiache iwe ya mwisho ukiwa umeshachoka. Ipe dakika ya kwanza yote peke yake, kulia iwe juu mbele ya kidevu inalinda tu, isining'inie, ndo uanze kubadilishana. Wewe unayeandika barua ya kwamba wewe ni mashoto na shida yako ni kulia, jibu ni hilihili ukilipindua.

Na kuhusu begi kwenda ubavuni kwa ujumla, ngumi ikitoka pembeni na kukata kuelekea katikati, begi litaenda ilikotumwa. Kiduara kiwe cha mbele na nyuma, sio cha kushoto na kulia. Viwiko vinyanyuke, karibu usawa wa mabega au chini kidogo, ngumi zikae mbele ya uso wako kabisa, na kila moja ipige pale katikati ya begi, kwenye tumbo lake nene. Ukipiga ile ncha ya chini linarukaruka. Na likianza kuzunguka usijaribu kuliokoa kwa kupiga zaidi, likamate, litulize, anza upya.

Habari kocha. Mimi nasikia kwa shida sana, sikio moja halisikii kabisa na jingine kidogo, na jimu ikiwa na muziki ndo basi. Kila mtu ananiambia sikiliza begi. Je nikubali tu kwamba hiki chombo sio changu?

Usikubali. Na nakushukuru kwa kuuliza kwa sababu umenilazimisha nifikirie upya kitu ambacho nimekuwa nakisema kwa miaka kana kwamba watu wote masikio yao ni sawa.

Ile tatu ya milio ina sura yake pia, inaonekana. Ukilipiga begi litakujia mara mbili kabla ya kulipiga tena. Mara ya kwanza linakuja linapita linagonga ubao upande wako, hiyo iache. Linaondoka. Mara ya pili linakuja, hiyo ipige. Basi. Acha ya kwanza, piga ya pili. Anza taratibu sana, kwa begi kubwa lenye upepo mdogo, ambapo macho yanaweza kulifuata. Ukiongeza kasi macho hayataona tena begi, utaona kivuli tu kinachezacheza, lakini ukifika hapo mwendo utakuwa umeshahamia mabegani na kiunoni.

Na tumia mwili. Kabla ya kupiga, mwambie mwenzako apige, wewe weka kiganja kwenye nguzo au fremu iliyoshika ubao, utausikia ule mtikisiko unaingia mkononi, mkubwa mdogo mdogo. Nimejaribu wiki hii nikiwa nimeziba masikio na inaeleweka kabisa. Alafu uchukue mwendo huo kwenye miguu, nyanyua kisigino kidogo kila unapopiga.

Marekani kulikuwa na bondia anaitwa Eugene Hairston, kiziwi, alipanda ulingoni kwenye ngumi za kulipwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1952 alipigana na Jake LaMotta ambaye alishakuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Kengele alikuwa haisikii kwa hiyo ziliwekwa taa kwenye nguzo za ulingo kumjulisha raundi imeisha. Sasa kama ulingo mzima uliweza kuwashiwa taa, na wewe waombe hapo jimu wakuwekee taa au saa kubwa ya raundi mbele ya begi. Ni kitu kidogo, waombe bila kuogopa.

Nimenunua seti ya kufunga ukutani, nyumbani tunaitumia wanne na urefu wetu ni tofauti kabisa. Urefu sahihi ni upi? Na upepo nijaze kiasi gani?

Lile tumbo nene la begi liwe usawa wa kidevu au mdomo wa anayepiga. Likiwa juu zaidi unapiga huku unainua mabega, unachoka kabla ya muda na unaipiga ile ncha ya chini. Likiwa chini unainama, na ngumi inalishukia kwa juu. Kama seti yako ina sehemu ya kupandisha na kushusha, ishushe kila mtu akibadilishana, ni nusu dakika. Kama imefungwa moja kwa moja, ifunge kwa urefu wa aliye mrefu na wafupi wasimame juu ya kitu kipana kisichoteleza wala kuyumba, kama yale mabamba ya kukanyagia kwenye mazoezi. Tafadhali isiwe kiti wala ndoo, mtu anayefuatilia begi haangalii miguu yake.

Upepo: ukilibonyeza kwa kidole gumba liingie kidogo tu. Likijaa sana linakuwa kama jiwe, lina kasi na linachosha kifundo cha mkono, na mshono unaumia. Likiwa laini sana linakufa, halifikishi milio mitatu. Wewe unayeanza kaa upande wa ulaini kidogo. Sindano ya pampu ilowanishe kwanza kabla ya kuichomeka, ukiichomeka kavu unaweza kuitoboa mpira wa ndani, na hilo ndo linaua mabegi mengi kuliko ngumi.

Ukubwa wa begi nao una neno. Mabegi yanapimwa kwa inchi, urefu kwa upana, unayakuta kuanzia kubwa la kama 10 kwa 7 mpaka vidogo vya 6 kwa 4. Kubwa linakwenda taratibu. Dogo ni kasi na halisamehe kosa. Watu wananunua dogo kwa sababu ndo wanaloliona kwa mabingwa, wanateseka, wanalitundika. Nunua kubwa.

Lakini kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni ubao na kile kiungo cha kuzunguka pale katikati, wengi wanaita swiveli. Ubao ukitikisika unakula nguvu ya begi, mlio wa pili na wa tatu unapotea na mwendo unakuwa haueleweki, unaweza kujilaumu mwezi mzima kumbe ni bolti zimelegea. Ushike kwa mikono miwili uutikise kwa nguvu, ukicheza kaza, na uwe umelala sawasawa, usiinamie upande. Swiveli nayo izunguke bila kukwama upande wowote. Ikikwama upande mmoja begi litakwenda linapotaka hata ungekuwa bingwa. Tone moja la oili mara mojamoja linatosha.

Mwanangu kocha, mimi ni mama wa miaka 61, daktari ameniruhusu mazoezi na mjukuu wangu ndo kanionyesha hili begi. Nalipenda sana lakini baada ya dakika moja mabega yanawaka moto, na vifundo vya vidole vinachunika. Niendelee?

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa furaha.

Kuwaka moto kwenye nyama ya bega, kule juu, kukapoa ukishusha mikono kwa dakika moja, hiyo ni kazi ya kawaida, mabega hayajazoea kushikilia mikono juu. Vijana wa jimu wanaopiga begi zito kwa kishindo wanalia hivyohivyo. Punguza muda. Sekunde 30 kazi, dakika nzima mapumziko, mara tano au sita inatosha, na wiki inayofuata unaongeza sekunde 10. Ulingoni raundi za wanaume wa kulipwa ni dakika 3 na mapumziko dakika 1 lakini wewe huna mtu wa kushindana naye, usikimbilie huko.

Ila mama, maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, au yanayobaki mpaka usiku ukilala upande huo, au mkono kufa ganzi, hayo sio moto wa mazoezi. Simama na urudi kwa daktari wako umwonyeshe kabisa ule mwendo wa mikono.

Angalia na mabega yenyewe yako wapi. Watu wakikaza akili wanayapandisha mpaka kwenye masikio, shingo inakaza, na pumzi wanaibana. Kila ukimaliza KU-su-bi-ri nne hivi toa pumzi na uyaache yashuke. Viwiko vikae juu lakini mabega yawe chini, inaonekana haiwezekani mpaka uijaribu mbele ya kioo.

Kuchunika ni ngozi kusuguana na ngozi. Funga bendeji za mikono za mabondia, zipite kwenye vifundo vya vidole mara tatu, au vaa glovu nyembamba za begi. Zile glovu nene za kupigania hazifai hapa, ni pana sana, hulioni begi na zinazidisha uzito kwenye mabega. Na ugonge kwa ule upande wa nje wa ngumi, upande wa kidole kidogo, kama mtu anayebisha hodi mlango mzito, ngumi ikiwa imekunjwa lakini haijabanwa. Kifundo cha mkono kinyooke, kisivunjike kwenda mbele wala nyuma. Mpe mjukuu salamu, na mwambie akuhesabie.

Kuna mtu hapa jimu anasema spidi begi ni maonyesho tu, kwenye pambano huwezi kumpiga mtu kwa viduara vile. Ana ukweli?

Ana nusu. Ni kweli ile sio ngumi ya kupigania, jebu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, haiendi hivyo, na ile ya kuzungusha kutoka pembeni haiendi hivyo, na ukitegemea hili begi likupe uzito wa ngumi utasubiri sana. Uzito unatoka kwenye miguu na kiuno na unaujenga kwenye begi zito. Kumlenga mtu anayecheza unajifunza vizuri zaidi kwenye lile begi lililofungwa lastiki juu na chini, na kwa mwenzako mwenyewe.

Lakini mwangalie huyo anayesema hivyo raundi ya tano mikono yake iko wapi. Kama imeshuka usawa wa kifua, basi hapo ndo spidi begi lilikuwa linamdai. Linakufundisha kukaa na mikono juu huku inafanya kazi, na mabega yanazoea kutochoka kwa kazi ndogondogo zisizoisha. Linafundisha pia kukutana na kitu kinachokujia, sio kukifukuza, na hilo kwangu ndo kubwa zaidi ya yote, maana bondia anayewahi anaonekana kwenye begi siku ya kwanza kabla hajaumizwa na mtu. Muhammad Ali alilipiga. Floyd Mayweather, aliyefikisha mapambano 50 ya kulipwa bila kupoteza hata moja, kwenye mazoezi yake alikuwa analipiga bila hata kuliangalia huku anaongea na watu. Sisemi begi ndo lililowapa ushindi. Nasema watu wenye muda mchache na kazi nyingi hawapotezi dakika zao kwenye maonyesho.

Kocha mimi nimeshakaa sawa, kulia-kulia kushoto-kushoto natoka raundi nzima. Sasa linanichosha, sioni jipya. Kinachofuata ni nini?

Hongera, na kukosa jipya ni dalili nzuri. Kwanza nenda kulia-kushoto-kulia-kushoto, moja moja, kwa kasi ileile. Inaonekana rahisi lakini makabidhiano yanakuwa kila ngumi, yale makosa yote ya mkono uliolala yatajitokeza. Ukimudu, changanya, mbili kulia moja kushoto, alafu geuza. Mkanganyiko wake ni mtamu.

Pili, badilisha sauti bila kubadilisha mwendo. Piga kubwa, ndogo, ndogo, kubwa. Hapo ndo utajua kama unaliongoza begi au unalifuata, kwa sababu ukipiga kwa nguvu linarudi mapema kidogo na inabidi mkono unaofuata ukutane nalo mapema.

Tatu, viwiko, na hapa hesabu inabadilika kwa hiyo nielewe vizuri. Ukilipiga kwa mbele kila mara, milio kati ya mapigo ni witiri, moja, tatu au tano. Wataalamu wanapiga hata kwa mlio mmoja mmoja, ndo ile kasi ya kutisha. Ila ukilipiga kwa mbele kisha ukataka kulipokea kutoka upande wa pili, kwa kiwiko au ngumi inayorudi, lazima liwe linaondoka kwako wakati huo, na linaondoka baada ya milio ya shufwa, miwili au minne. Kwa hiyo KU-su-bi-ri haifai tena hapo, tafuta neno la silabi tatu. Mi natumia "pokea", KU ya ngumi imekuwa PO, milio miwili ni ke-a, alafu kiwiko. Anza kwa kulikamata kama siku ya kwanza, ngumi, milio miwili, kiwiko, likamate. Kiwiko kiguse tu, usikitupe, ukikosea nacho ukagonga fremu utakaa nje wiki nzima.

Na ukishaweza hayo jaribu kulipiga lile begi dogo lisilosamehe kosa.